Tumbaku Niliyompokonya Mjukuu Wangu

Winnipeg, 9 Novemba 2024. Huu ni mwaka wa sitini tangu maji ya bwawa yameze kijiji chetu cha Nubia, na wa thelathini na moja tangu nije kwenye baridi hii.

Kwa Bi Marisol Abrenica,
Mratibu wa mradi wa kuwaunganisha vijana wa wahamiaji na wenyeji wa asili.

Ndugu Mratibu,

Baada ya salamu, naomba kwa heshima umwondoe mjukuu wangu Sakina kwenye mradi wako, kwa sababu zifuatazo.

1. Mmemfundisha kuuliza tuko kwenye ardhi ya nani. Jumapili mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika kwenye bamia, akasema, "Babu, kwanza tuwataje wenyewe." Nikamjibu kwamba wenyewe watajwe, ila bamia inapoa. Najua mgeni hupiga hodi. Lakini kupiga hodi baada ya kukaa ndani miaka thelathini na moja ni aibu, nami ni mtu mzima.

2. Rafiki yake Dallas, wa Kikrii, yaani wenyeji wa asili wa hapa, aliniita mzee wa ngamia. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba Wanubi ni watu wa mto na mitende. Akasema, "Sawa, mzee. Na mimi sikai hemani, nakaa ghorofa ya saba." Sakina alicheka hadi chai ikamwagika. Sasa kijana huyo anakula kwangu kila Ijumaa, na sahani yake naiweka mimi mwenyewe.

3. Hili ndilo zito. Kwenye karamu yenu ya juzi, Sakina alinijia na kifurushi cha kitambaa chekundu. Harufu niliitambua: tumbaku. Kwetu binti hamsogelei babu yake na tumbaku, basi nikampokonya mbele ya watu. Bibi Loretta Linklater, mzee wa Kikrii aliyekaa karibu nami, akasema, "Basi umekubali."

Ndipo nikaelezwa kwamba kwao anayemwendea mzee na ombi humpa tumbaku, na mzee akiishika, ombi limemfunga. Ombi la Sakina lilikuwa hili: nisiende Desemba kuishi peke yangu kando ya ziwa lililofunika kijiji chetu, nibaki, nikae na Bibi Loretta, tuwasimulie vijana. Nikasema sikujua. Bibi Loretta akaniambia, "Hata waliotia saini mikataba ya ardhi na babu zetu walisema hivyo, ndugu yangu."

Kwa hiyo nakuomba utamke rasmi kwamba kupokonya si kupokea. Maana kama ni kupokea, basi waliochukua ardhi hii, na waliochukua mito, kwao na kwetu, wote wamefungwa na maombi ya wenyewe, na foleni hiyo ni ndefu. Sioni kwa nini nitangulie mimi.

Nisalimie wapishi, na mama yako, na Dallas, ambaye hastahili.

Ni mimi katika manung'uniko,
Shazli Dahab Kashif

N.B. Bibi Loretta alininong'oneza kwamba ningeweza kuirudisha tumbaku pale pale, na ombi lingekufa bila mtu kukasirika. Sikuirudisha. Nikamuuliza kuhusu kijiji chake, ambacho nacho kiko chini ya maji ya bwawa, huko kaskazini. Akasema, "Nilikwenda mara moja kukitazama. Niliona maji." Jumamosi ijayo tutakuja wote wawili kuwasimulia vijana, tuwekee viti vyenye mgongo. Safari nimeifuta. Sitarudi Nubia.