Katungu Kabla ya Masika

Butembo, Jumatatu, 2 Julai 2001

Delphin amepewa likizo. Delphin! Mtu wa mizani! Mtu ambaye kazi yake ni kutazama mshale mpaka usimame!

Mimi nimeomba tangu Pasaka, na nina sababu. Orpa, mke wangu, yuko Beni kwa mama yake. Anasubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza mwisho wa mwezi huu. Nataka niwe pale. Lakini Patron Vagheni anasema depo yake ya kahawa haiwezi kukosa watu wawili kwa mara moja wakati malori ya kwenda mpakani Kasindi yanangoja mzigo. Atatoka mmoja tu. Na huyo mmoja ni Delphin, kwa sababu kwaya ya kanisa inakwenda kuimba Beni na yeye ndiye kiongozi wa kwaya.

Nani alimchagua kuwa kiongozi? Mimi nina besi nzuri. Yeye ana mikono ya kupepea tu.

Na kwaya italala kwa nani kule Beni? Kwa Mama Emérence, mama mkwe wangu, kwa kuwa ana kiwanja kikubwa. Kwa hiyo Delphin atakula kuku wa mkwe wangu, mbele ya mke wangu. Waliwahi kuimba pamoja kabla sijamwoa Orpa. Siku ya harusi yetu Delphin aliimba, watu wakalia, Orpa akalia. Nilipoimba mimi hakulia mtu.

Nina wivu, naandika wazi, hakuna anayesoma hapa. Nimeshindwa kula ugali. Baadaye nikala.

Jumatano, 4 Julai

Nimepata! Ee, nimepata!

Mimi ndiye pointeur wa depo, yaani mtu wa kuandika nani amefika kazini na nani hakufika. Leo nikakumbuka wakati ule wa masasi, wanajeshi walipopigana wao kwa wao kule juu ya mji na kazi ikalala. Delphin anakaa karibu kabisa na kambi yao. Lazima alikuwa chini ya kitanda muda wote!

Nikaingia kwa Patron nikiwa nimevaa koti. Nikamweleza kwamba usiku silali kwa kuihurumia kazi yake. Nikasema mtu aliyebaki nyumbani wakati wa masasi alipumzika, hata kama alipumzika kwa hofu. Basi si haki siku hizo zitolewe kwenye likizo yake ya mwaka?

Patron akavua miwani. Akasema tangu vita vianze hakuna aliyemletea wazo lenye akili namna hii. Akaniita mwanangu.

Pole sana, Delphin. Beni utaisikia kwenye redio.

Ijumaa, 6 Julai

Patron alitukusanya wote uani: wapakiaji, Delphin, mama wa kuchambua kahawa. Akatangaza sheria mpya. Maneno yake hasa: “Siku mutu hakufika na hakugonjwa, ile ni congé. Masasi hapana ugonjwa.”

Mama wakapiga kelele. Katungu, mkubwa wao, akauliza kama kukimbia porini na mtoto mgongoni ni likizo pia. Patron akajibu kwamba hewa ya porini ni nzuri. Katungu akataka kujua nani aliyetoa wazo hili. Patron akanionyesha kwa kidole, tena kwa fahari. Sikujua macho ya wanawake yanaweza kuchoma kiasi hicho.

Nikavumilia, nikingoja zamu ya Delphin. Ikafika. Patron akasema Delphin hana deni hata la siku moja! Kumbe kwa sababu ya kambi alikuwa akilala hapa hapa depo, juu ya magunia, na kila asubuhi Patron mwenyewe alimkuta amekwisha kusafisha mizani.

Kisha Patron akauliza, na pointeur je? Mlinzi akajibu kabla sijafungua mdomo. Pointeur alikimbilia Lubero kwa shangazi yake, akarudi amenenepa kwa viazi.

Wote wakacheka. Likizo yangu ya mwaka huu imekwisha yote. Ya mwaka kesho imeanza kuliwa pembeni.

Jumatatu, 9 Julai

Sikubali. Jumamosi lori la kwaya linaondoka. Patron mwenyewe na mkewe Mama Florentine wanakwenda nalo, kwa hiyo barrière zote za wanajeshi barabarani zitafunguka. Nafasi kama hii haitarudi. Delphin akae kwa mkwe wangu juma zima bila mimi kumwona? Hapana.

Nikakumbuka kwamba kuna siku za mtu aliyepata mtoto. Siku mbili, na Patron hazigusi, kwa kuwa ni mkristo. Kweli mtoto bado hajazaliwa. Lakini atazaliwa! Ninazichukua mapema tu. Mtoto mwenyewe hawezi kulalamika.

Mchana nikaingia ofisini nikikimbia, nikasema nimepata habari kwa phonie, ile redio ya kuitana, kutoka Beni, Orpa amejifungua! Patron akasimama akanipa mkono. Mama Florentine akapiga vigelegele. Akauliza ni mtoto gani. Hilo nililiandaa: msichana. Akauliza jina.

Hilo sikuliandaa. Na mlangoni alikuwa amesimama Katungu na beseni lake la kahawa, akinitazama kwa macho yale yale ya Ijumaa. Nikasema Katungu.

Mama Florentine akaacha mdomo wazi. Akauliza pole pole, “Mais, Ézéchias. Masika iko wapi?”

Mungu wangu! Kwetu hata mtoto wa shule anajua: binti wa kwanza ni Masika. Katungu anakuja nyuma, dada zake wakiwa wamekwisha kutangulia. Sisi hatuchagui, tunahesabu!

Nikasema Masika hayuko. Nikaona uso wa Mama Florentine ukigeuka. Nikaongeza haraka kwamba sikumaanisha amekufa. Ikawa mbaya zaidi.

Jumanne, 10 Julai

Habari imefika sokoni kabla yangu. Ézéchias ana mke mwingine! Ana mabinti wakubwa aliowaficha, ndiyo maana wa Orpa ameitwa Katungu, hesabu inaendelea! Asubuhi mabinti walikuwa Kalunguta. Mchana wakahamia Eringeti, na mama yao akawa na nyumba ya bati na mashine ya kusaga. Mimi mwenyewe sina nyumba ya bati. Nilianza kumwonea wivu yule mwanaume wanayemzungumzia.

Patron alinipa zile siku mbili, kesho na keshokutwa. Alinipa bila kunitazama.

Alhamisi, 12 Julai

Zimekwisha. Zote mbili. Nimezimaliza kwenye benchi, mbele ya wazee wa kanisa, walioniita kwa sababu ya maneno ya sokoni.

Jana waliniuliza Masika anaishi wapi. Nikasema hakuna Masika. Wakaniuliza, basi kwa nini Katungu? Nikisema ukweli napoteza kazi. Nikisema uongo nampoteza Orpa. Nikanyamaza, nao wakaandika kwamba nimekiri. Leo waliniombea kutoka asubuhi mpaka jua likazama. Nimesimamishwa kwenye kwaya. Besi imebaki bila mtu, na hakuna aliyeonekana kusikitika.

Ijumaa, 13 Julai

Jambo la ajabu. Delphin alinifuata kwenye magunia mchana. Akasema haamini maneno ya sokoni. Akasema mtoto wa kwanza hapana muchezo, mwanaume awe karibu. Yuko tayari kuniachia likizo yake yote, kwaya itaongozwa na mwingine, na Patron amekwisha kukubali. Kesho nipande lori badala yake. Yeye atashika mizani yake na kazi yangu pia.

Anataka nini huyu? Nikaelewa. Anataka niwe mtu wa kumshukuru maisha yangu yote. Kila Jumapili watu waseme, tazameni, yule ndiye Delphin aliyempa mwenzake likizo! Orpa angelia tena.

Nikamjibu kwamba mimi nina likizo zangu, asante.

Akauliza zipi.

Nikaondoka.

Jumamosi, 14 Julai

Wameondoka. Patron mbele na dereva. Mama Florentine nyuma kwenye kiti cha plastiki, na beseni limejaa sabuni na nguo za mtoto, zawadi za Katungu wangu. Delphin alisimama juu ya lori akipepea mikono, wote wakaimba mpaka kona ya mwisho. Waliimba vizuri. Nimeumia.

Sasa tu ndiyo nafikiria: Mama Florentine atafika kwa mkwe wangu, atamkuta Orpa na tumbo lake lote. Nilitakiwa kufikiria hili Jumatatu. Lakini Jumatatu nilikuwa na mambo mengi.

Jumatatu, 16 Julai

Niliitwa kwenye phonie saa nne. Nikakimbia na viatu visivyofungwa.

Mtoto amezaliwa! Wa kweli! Jana jioni, mapema kuliko tulivyofikiri. Mvulana! Paluku wangu, jina la mvulana wa kwanza! Nilimwomba mtu wa phonie arudie. Nililia pale pale kwenye kiti chake, na sioni haya kuandika. Orpa ni mzima. Alipata shida kidogo, damu ilitoka sana, lakini Delphin alipanda lori akamleta nesi mbio.

Delphin.

Delphin ndiye mwanaume wa kwanza kumbeba mwanangu. Delphin alimwimbia, mtoto akanyamaza. Yaani amekwisha kuwa upande wake!

Kisha akaja Patron mwenyewe kwenye phonie. Akanipongeza, over. Akasema Mama Florentine alizungumza na Orpa na mambo yote yameeleweka, over. Nikaomba siku zangu mbili za mtoto. Pakakwaruza muda mrefu, halafu sauti yake: “Ulishakula zile. Mutu hapana kuzala mara mbili mu juma moja. Kazi. Over.”

Mwisho akanipa salamu za Orpa. Orpa anasema nikija nimletee na Katungu, anataka kumwona.

Nimekaa depo peke yangu mbele ya mizani. Mwanangu yuko kwenye barabara hii hii, mwisho wake wa pili, na sijui anafanana na nani. Nikipanda gari leo bila ruhusa sina kazi tena. Na kama sina kazi, nitampelekea nini?

Jumanne, 17 Julai

Nimefikiri kwa utulivu. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi.

Lilikuwa jina! Jina tu! Mpango wenyewe ulikuwa mzuri kabisa. Patron alisimama, mkono alinipa, vigelegele vilipigwa. Niliangushwa na jina ambalo sikuliandaa.

Sasa, siku za mtoto zimekwisha, lakini siku za msiba hazijaguswa. Mtu akifiwa na mkwe hakuna patron katika Butembo yote anayeweza kumzuia. Na jina safari hii ninalo tayari, jina la kweli, la mtu wa kweli, anayeishi Beni kwenyewe. Hakuna wa kuuliza Masika yuko wapi.

Nilikwenda kwenye phonie, nikaagiza ujumbe uende leo leo: kwa Patron Vagheni, anayelala kwa Mama Emérence, Beni. Kwa huzuni kubwa ninakujulisha kwamba Mama Emérence amefariki ghafla. Naomba siku za msiba. Ézéchias.

Mtu wa phonie akausoma. Akausoma tena. Akaniuliza kama nina uhakika na jina.

Nikamwambia jina ndilo jambo la kwanza nililohakikisha.