Chawa Hawakai Kwenye Kipara

Jumapili, 3 Machi

Tuna chawa. Nimeandika neno hilo kisha nikageuka kutazama mlango, kama mtu anayeandika matusi.

Habari ililetwa na kitindamimba wetu, Kibiriti. Alikuja mezani mchana ameshika kitu juu ya ukucha, akauliza kama kina jina. Mama Watoto akakitazama. Akaweka mwiko chini. Akasema kwa sauti ndogo, ile ninayoiogopa, kwamba watu wote watoke waende uani na mtu asiguse mto wa mwenzake.

Tukakaguliwa. Kibiriti, kichwa kizima. Mama Watoto, wachache. Dada yangu, aliyehamia kwetu tangu alipofiwa na mumewe, alikutwa nao pia, akakana mmoja baada ya mwingine huku wakitolewa. Binti Mkubwa, wachache lakini wanene.

Mimi sikukaguliwa. Nina kipara. Zimebaki nywele za pembeni tu, kutoka sikio hadi sikio kupitia kisogoni, kama mkeka uliosahauliwa ukumbini wageni walipoondoka. Dada alisema chawa akijaribu kukaa pale atateleza avunjike mguu. Wakacheka. Nami nikacheka. Nisicheke kwa nini? Ndimi mtu safi pekee katika nyumba hii!

Kisha Binti Mkubwa akaanza kulia, kicheko kikakatika. Jumamosi anaingia chuo cha uuguzi. Amekiomba mara tatu. Bweni lao lina matroni anayekagua vichwa getini, mmoja mmoja. Ukikutwa na chawa unarudishwa na sanduku lako, na kitanda anapewa anayefuata. Mwaka jana alirudishwa msichana wa mtaa wa pili. Mpaka leo anauza vocha.

Binti alisema basi anyolewe yaishe. Dada akamwambia kichwa kilichonyolewa jana, pale getini, ni sawa na mwizi aliyekuja amejifunga kamba mwenyewe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake yupo. Akalia zaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekumbuka dawa ya Mama!

Nilikuwa kibandani kwangu, sina kazi. Zamani saa zilipanga foleni mezani, za ukutani na za mkononi, nami nikizipa zamu kama daktari. Leo amekuja mtu mmoja, akaniuliza saa ngapi. Simu yake ilikuwa imezima.

Basi nikakumbuka. Jioni, ngazi ya nyuma, Mama amekaa, sisi watoto tumejipanga. Zamu yako ikifika unalaza kichwa mapajani pake. Nguo yake inanuka sabuni na mafuta. Vidole vinatembea polepole, vinasimama, vinatembea tena. Halafu mlio ule, kati ya kucha mbili: tik. Mdogo kuliko wa saa ya mkononi. Nadhani ndiyo sababu nilipenda saa, ingawa fundi aliyenifundisha nilimwambia sababu nyingine. Ukimaliza zamu yako unajifanya umelala ili usiondolewe. Mama alikuwa anajua. Alikuacha kidogo.

Na pembeni yake, chupa ndogo ya kahawia. Naiona kabisa. Dawa ilikuwa humo!

Nilipomweleza Dada alisema chupa ile ilikuwa ya mafuta ya cherehani. Nikamwambia alikuwa mtoto, hakumbuki. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa, na kwamba ndiye aliyekuwa akinifuta kamasi nikiwa kwenye hiyo foleni. Kwa maelezo yake Mama hakutumia dawa yoyote. Maji, kitana, kitambaa cheupe, na kurudia kila jioni mpaka mayai yaishe. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema, na vya kwako vyote kumi havijawahi kuvunja hata ukimya.

Ana wivu. Ameanza leo leo na kitana chake. Wamekaa ngazini watatu na mkaguzi wao, wakapeana zamu. Nimeshika taa.

Jumanne, 5 Machi

Nimetengeneza dawa. Mafuta ya nazi, siki, vitunguu saumu vilivyopondwa, kafuri. Mama Watoto alikuwa amepiga marufuku mafuta ya taa, akasema akisikia harufu yake nitalala kibandani na saa zangu. Sawa. Bila mafuta ya taa inafanya kazi vilevile, polepole kidogo.

Aliyekubali ni Kibiriti peke yake, kwa ahadi ya pipi. Nilimpaka asubuhi kabla hajaenda shule. Nikamvalisha kofia yangu ili dawa isikauke. Nilijiona baba wa maana sana.

Saa nne amerudishwa. Mwalimu alisema darasa zima limelia machozi na wawili wameomba kwenda nyumbani. Kibiriti alifurahi mno, akauliza kama kesho naweza kumpaka tena.

Sikujipaka mwenyewe. Dawa ni ya wagonjwa.

Jioni Dada amemsafisha mtoto mara tatu, akiwa amefunga pua kwa kitambaa. Kisha ameingia kibandani kwangu bila hodi, akachukua lenzi yangu ya jicho na kibano. Lenzi niliyofungulia saa za watu wakubwa! Sasa ameibana kwenye jicho anatafuta mayai ya chawa, anasema yanaonekana kama mchele. Wote wamepokezana kuangalia. Kelele, vicheko, Binti Mkubwa akisimulia kisa cha mwalimu wake aliyesinzia akisimamia mtihani. Sikuwahi kukisikia kisa hicho. Nimeuliza kilivyoanza, wakaniambia ninyanyue taa.

Jumatano, 6 Machi

Mkakati mpya. Adui hashambuliwi kichwani tu, hukatiwa makazi. Wote walipotoka nimekusanya mito, magodoro, shuka na mashungi, nimepandisha vyote juu ya paa vipigwe na jua. Nimehesabu kwamba wakirudi watanikuta nimeketi, mikono kifuani, kazi imekwisha.

Nikashuka kunywa chai. Nikasinzia.

Mvua.

Mama Watoto hakusema neno. Aliyasimamisha magodoro ukutani, moja moja, akanipa kitambaa. Afadhali angesema. Binti Mkubwa ndiye aliyesema, na alisema taratibu, ndipo nikaumia. Kwamba anaomba sana, Baba, hizi siku tatu zilizobaki nisimsaidie.

Nimejibu nimesikia.

Usiku huu tutalala juu ya mbao. Jioni ya vichwa imefanyika hata hivyo. Nimekaa nao kwa muda nimevua kofia, nimeinama kidogo upande wa Dada. Alidhani natafuta kitu chini. Akanisogeza kwa goti, nilikuwa namzibia mwanga.

Alhamisi, 7 Machi

Binti Mkubwa amepita! Dada amempekua kwa lenzi kutoka utosini hadi shingoni, mara mbili. Hakuna chawa, hakuna yai. Mama Watoto ameketi chini ghafla, akaangalia mikono yake.

Hapo ndipo iliponijia kwamba Jumamosi si siku ya chawa. Ni siku ya kuondoka. Sanduku liko mlangoni tangu Jumapili na mimi nimekuwa nikilikwepa kwa mguu kama paka.

Alipokuwa na umri wa Kibiriti alikuwa akikaa kibandani, nampa saa mbovu anaifungua. Alijua jina la kila gurudumu. Siku moja aliniambia kwamba zile zilizokufa kabisa zinamsikitisha kuliko zinazochelewa. Nikamwambia saa haifi. Hakuamini. Sasa anakwenda kusomea kuuguza watu.

Nimemwazima kofia yangu, jioni ilikuwa na upepo. Ameivaa mpaka wakati wa kulala. Nimefurahi.

Ijumaa, 8 Machi

Msiba.

Asubuhi Binti Mkubwa amejikuna. Nyumba nzima ikasimama. Dada akachukua lenzi. Mmoja. Mzima, mnene, anatembea kwa raha zake kama mwenye nyumba.

Binti hakulia safari hii. Alifungua sanduku akaanza kutoa nguo. Mama Watoto akazirudisha. Yeye akazitoa. Mama Watoto akazirudisha.

Nakiri kwamba nilitaka kufurahi. Kitana kimeshindwa! Nikaingia na chupa ya dawa. Nikaeleza kwamba tangu mwanzo nilisema. Mama Watoto akaniuliza, Baba Watoto, unataka mtoto arudishwe getini kwa chawa au kwa harufu? Nikaiweka chupa chini.

Dada akaweka lenzi chini. Akamwuliza Binti jana alilala na nani. Peke yake. Alivaa shungi la nani? La kwake, limechemshwa. Kitana? Kimechemshwa. Kitu gani kingine kilipita kichwani?

Kofia ya Baba.

Wote wakageuka.

Nikawaambia wasinitazame hivyo, nina kipara. Dada akasema njoo hapa. Nikasema chawa hawakai kwenye kipara, wewe mwenyewe ulisema watateleza. Akasema nilikuwa nachekesha, njoo. Nikasema nina kazi kibandani. Kibiriti akasema hakuna kazi kibandani, Baba.

Nimekwenda. Nimekaa ngazi ya chini. Dada akanilaza kichwa kwa nguvu, akainua zile nywele za kisogoni.

Akapiga kelele ya kushangaa, kisha akaita watu. Akasema wamejenga kijiji. Akasema wana mtaa wa juu na mtaa wa chini, labda na soko. Binti Mkubwa akashika lenzi, akatazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Jumapili, nikamwacha acheke. Kofia ikatumbukizwa kwenye sufuria, ikachemshwa na vitana.

Kisha Binti Mkubwa akakaguliwa tena, akaingia ndani na Kibiriti, na Mama Watoto akaanza kupika, tukabaki wawili. Vidole vya Dada vilitembea polepole. Vikasimama. Tik. Ana mikono ya Mama; sikuwa nimeiangalia. Aliniuliza kama namkumbuka Mama alivyokuwa akiimba akifika masikioni. Namkumbuka. Akasema hakujua wimbo wowote mpaka mwisho. Ni kweli.

Nikajifanya nimelala. Nadhani alikuwa amemaliza kitambo.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi ukaguzi wa mwisho, chini ya jua, lenzi, watu wazima wawili. Safi.

Tumempeleka wote. Foleni ndefu, masanduku, mama za watu wanaotazama vichwa vya watoto wa wenzao. Matroni ni mwanamke mwembamba mwenye glavu, haongei. Msichana aliyekuwa mbele yetu alirudishwa. Hakulia pale. Babake alibeba sanduku begani akapita karibu nasi, sikujua niangalie wapi.

Zamu ya Binti. Matroni akagawa nywele. Akainama. Akagawa tena, nyuma ya sikio. Mama Watoto alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi mbele za watu.

Matroni akamwuliza nani amemsafisha. Binti akasema shangazi yangu. Matroni akamtazama Dada, akamwinamishia kichwa kidogo, kama fundi kwa fundi. Akasema pita.

Akapita. Akageuka mara moja. Alikuwa mdogo sana nyuma ya ule uzio, na mrefu kuliko nilivyodhani.

Njiani kurudi Kibiriti alilala mapajani mwa Dada, na mkono wa Dada ukaanza wenyewe kupekua.

Jumatatu, 11 Machi

Binti Mkubwa amepiga simu. Anaendelea vizuri. Mwenzake wa kitanda cha juu anajikuna.

Nimetafakari suala zima kwa utulivu kibandani, na mambo yako wazi. Kwa nini chawa walihamia kwangu? Nyumba nzima ilijaa harufu ya dawa yangu. Wakakimbia. Wakatafuta mahali pekee ambapo dawa haikupakwa. Kisogoni kwangu! Dada aliwakamata wakiwa wakimbizi. Kitana kilimalizia tu. Nimemweleza hivyo jioni, kwa upole, kwa sababu mshindi hajisifu. Alinitazama kisogoni, kisha akauliza kama nimepekuliwa tena tangu Ijumaa. Nimemwambia hakuna haja. Tusisahau nina kipara.

Nimetengeneza dumu la lita tano. Safari hii vitunguu saumu nimezidisha, na kafuri pia. Linatosha bweni zima. Tiketi nimeshakata, naondoka Jumamosi na basi la kwanza. Nitamkabidhi matroni mkononi.

Nimempigia Binti kumpa habari njema. Akasema Baba, nakuomba usije.

Ni heshima tu. Mtoto aliyelelewa vizuri hapendi kumsumbua mzazi.