Namna Nilivyolijaza Gari la Anastazia

Jumatatu, 2 Juni 2025. Tunduma.
Daktari ameusikiliza moyo wangu, akatikisa kichwa. Sawa. Miaka themanini na mbili yatosha. Lakini kabla sijaondoka naungama hapa. Mchungaji hataweza kunisikiliza bila kucheka.
Anastazia, kitinda mimba wangu, anafanya kazi Vwawa. Kila asubuhi yuko peke yake garini katikati ya malori. Amechoka. Amesema asipopata abiria watatu wa kuchangia mafuta mwezi huu, atapanga chumba hukohuko. Nami nibaki na nani? Na paka!

Jumanne, 3 Juni.
Nimezunguka mtaani na fimbo yangu. Watatu wanafanya kazi Vwawa, watatu wamekataa. Mama Tabita, karani, mwanafunzi wangu wa zamani, kasema yeye hamsubiri binti yake anayejipodoa kila asubuhi. Binti mwenyewe, Restuta, nesi, kasema anamsikiliza mama yake nyumbani, inatosha. Na garini tena? Luhende, bwana mifugo, Msukuma wa bonde la Momba, kaniamkia vizuri, kisha kasema yeye na pikipiki yake hawajawahi kugombana.
Lakini muda wote alikuwa akimtazama Restuta anavyoanika nguo. Aha!

Jumatano, 4 Juni.
Nimetenda dhambi. Nimemwambia Luhende kwamba Restuta amemuulizia. Nimemwambia Restuta kwamba Luhende amemuulizia. Mama yake nimemnong'oneza kwamba kuna kijana atakaa na bintiye garini, bora mtu mzima awepo. Kufikia jioni, wote wanapanda!

Ijumaa, 6 Juni.
Gari limejaa. Watu hawatafuti kiti, wanatafuta wa kukaa naye. Nilipaswa kuwa waziri.

Jumapili, 22 Juni.
Posa! Wajomba wa Luhende wamepanda kutoka Momba na barua. Mama Tabita kaipokea. Vigelegele. Nimekula mapaja mawili ya kuku, daktari asijue.

Jumatatu, 23 Juni.
Balaa. Luhende kafungua mlango wa gari, kamwona Mama Tabita ndani, karuka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Kwao mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa bonde lile, nalijua hilo, nikasahau! Mama Tabita kajifunika khanga usoni, akanipigia kelele dirishani: Mwalimu, hesabu ulitufundisha wewe, hii mbona imekushinda?
Luhende karudi kwenye pikipiki. Kiti kiko wazi. Anastazia ameanza kuulizia vyumba. Sikula.

Jumatatu, 30 Juni.
Nimepona! Luhende kaona aibu, kamleta mwenzake wa ofisini, Makene, achukue nafasi yake. Watatu wametimia. Anastazia kanishika mkono, kasema, "Baba, sihami. Tulia sasa." Nimelia, nikasingizia moshi wa jikoni.

Jumatano, 2 Julai.
Huyu Makene ni kijana safi. Anawahi, anasalimia kwa heshima, hajaoa. Kwao ni Galula, mbali na hapa, ana shamba. Anasema siku akioa atahamia huko na mkewe moja kwa moja.
Anastazia naye hajaolewa.
Jioni hii nimemwita Makene pembeni. Nimemwambia Anastazia amemuulizia.