Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Wilondja, Aliyenifundisha Kompyuta Bila Sura ya Kwanza

Hilaire Wilondja,
Kakuma One, nyuma ya kibanda cha Deng cha kuchaji simu.
Jumanne, 15 Januari 2013.

Kwa Mkurugenzi wa Mafunzo,
Kituo cha Kompyuta cha Tarach,
Ofisi ya Lodwar.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUOKOLEWA KUTOKA MIKONONI MWA MWALIMU WANGU

Ejok, kama Waturkana walivyotufundisha kusalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lodwar na feni ya ofisi yako ikizunguka. Sisi huku Kakuma hatujambo, ila vumbi linatuzidi afya.

Mimi ni kijana Mkongo wa miaka ishirini na minne, mwana wa Mama Élisabeth, muumini wa kanisa, na sina kesi popote. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikijifunza kuandika programu za kompyuta mwenyewe, bila darasa. Nimeona mwisho wake, na sasa nataka kuingia katika darasa lako linaloanza Jumatatu ijayo. Lakini karani wako wa hapa Kakuma, Bwana Losike, amenizuia mlangoni. Sababu aliyonipa ni ya kisheria, nami ni mtu wa kuheshimu sheria, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kumwambia yeye yaliyo moyoni.

Ilikuwa hivi. Fomu yenu inauliza: umewahi kusoma kompyuta? Nikajibu ndiyo. Inauliza tena: kwa mwalimu gani? Hapo nilisita. Ningeweza kuandika sina. Lakini mtu akihangaika na mwanafunzi mmoja mwaka mzima katika joto hili, halafu mwanafunzi huyo aandike hana mwalimu, huo ni utovu wa shukrani. Nikaandika: Mwl. Wilondja. Sikusema uongo. Wilondja ni jina langu, na kufundisha nilifundisha.

Bwana Losike alisoma, akatikisa kichwa. Namnukuu kama alivyotamka: "Kijana, sheria iko hivi. Mwanafunzi hawezi toka kwa mwalimu moja aende kwa ingine bila barua. Huyo Wilondja aandike amekuachilia." Nikamweleza kwamba huyo Wilondja ndiye mimi. Akasema basi hakuna shida, niandike. Nikaandika palepale mezani kwake, nikajiachilia kwa moyo mweupe, nikatia sahihi. Akaiweka barua kando ya fomu, akazitazama zote mbili kwa makini, akasema mwandiko ni mmoja, kwa hiyo barua ni ya kughushi.

Ndugu Mkurugenzi, mwalimu akishindwa kukuachilia, kinachobaki ni kumshtaki. Malalamiko yangu dhidi ya Mwalimu Wilondja ni haya yafuatayo.

1. Hajui sura ya kwanza. Nasema hili mwanzoni kwa sababu ndilo chanzo cha mengine yote. Kitabu anachotumia, kinene, cha Kiingereza, alikikuta kwa mama mmoja Msomali muuza sambusa, ambaye alikuwa akikichana kurasa za kufungia. Siku Mwalimu alipokiona na kukinunua, sura ya kwanza yote ilikuwa imeshauzwa. Ndiyo kusema wapo watu hapa Kakuma One walioishika sura ya kwanza kwa mikono yao miwili, ikiwa ya moto na yenye mafuta, wakaitupa. Mwalimu aliniamuru ninunue sambusa wiki nzima ili tuitafute. Tulipata ukurasa mmoja tu, na pilipili ilikuwa imekaa juu ya maneno ya maana. Tukaanza na sura ya pili. Sura ya pili inaanza kwa kusema, "Kama tulivyoona." Sisi hatukuwa tumeona kitu.

2. Haandai masomo. Anafika darasani saa ileile ninayofika mimi, anafungua ukurasa uleule ninaoufungua mimi, na kwa uso anaonyesha kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuuona. Nikimwuliza swali, naye ananiuliza. Kiingereza chake ni cha kubahatisha, maana alisoma kwa Kifaransa kule Uvira, na neno likimshinda anasema tutalirudia kesho. Hatujawahi kulirudia.

3. Mitihani yake ni ya uonevu. Mwezi wa Agosti alitunga mtihani wa maswali kumi. Alitunga yeye, nikafanya mimi, akasahihisha yeye, na bado nilianguka. Sijui shule nyingine duniani ambako mwanafunzi huona maswali usiku kucha kabla ya mtihani na akaanguka. Katika matokeo nilikuwa wa kwanza, jambo lililonifurahisha, kisha nikaona ni mimi pia niliyeshika mkia.

4. Hana msimamo juu ya nidhamu. Siku nikichoka, nikimwambia twende tukatazame mpira kwenye banda la video, hakatai. Anakuja. Hata kukaa anakaa kiti kimoja na mimi, na kesho yake ananigombeza kwa kupoteza muda. Nilipolipeleka jambo hili kwa pasta wetu, alitusikiliza kwa upole, akafumba macho, akatuombea wote wawili.

5. Ameniharibia jina mtaani. Kompyuta tunayosomea ni ya Deng, Mdinka mwenye kibanda cha kuchaji simu, mtu mwema aliyenipa kiti na umeme kwa masharti kwamba wateja wanatangulia. Ili kumshukuru nilimwandikia programu: unaandika jina la mtu, kompyuta inakuambia simu yake iko kwenye plagi gani. Ilifanya kazi, watu wakapiga makofi. Kisha siku moja wakaja Wanuer wawili, kila mmoja akiitwa Gatdet. Kompyuta ilimpa Gatdet wa pili simu ya Gatdet wa kwanza, naye akaondoka nayo akishukuru. Gatdet wa kwanza alipokuja, kompyuta ilimwambia kwa uhakika kwamba simu yake iko plagi ya sita, wakati plagi ya sita kulikuwa na waya tu. Kabla jua halijatua nilikuwa nimejifunza matusi ya Kinuer ambayo hayamo katika sura yoyote. Nilimwuliza Mwalimu inakuwaje kompyuta ishindwe kuwatofautisha watu wawili. Akasema anadhani hilo lilikuwa katika sura ya kwanza.

6. Shule yake inafungwa bila taarifa. Deng anarudi kwao Bor mwezi ujao. Alinieleza hivi: "Ya Hilaire, nchi yetu iko huru sasa, mimi napeleka hii mashine nyumbani. Wewe baki na kitabu. Khalas." Simlaumu, kwao ni kwao. Lakini ona nilivyoachwa: nitakuwa na kitabu kisicho na mwanzo, mwalimu asiyejua, na kompyuta hakuna. Mwalimu Wilondja alijua habari hizi tangu Krismasi, akanyamaza, akijifanya hajasikia.

7. Ni mtu wa majivuno, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Dada yangu mdogo, Christelle, yumo katika darasa lako tangu mwaka jana. Wewe unajua, na kama hujui nakuarifu, kwamba tangu mafuta yaanze kuchimbwa upande wa Lokichar, walimu wako hawakai. Wa kwanza alifundisha sura ya kwanza, akaenda Lokichar kuwa dereva wa wakandarasi. Wa pili akaanza upya sura ya kwanza, akaenda Lokichar kutunza stoo. Wa tatu naye vilevile, na sijui huko anafanya nini, ila ameonekana Kalemng'orok akiwa na buti mpya. Matokeo yake Christelle amesoma sura ya kwanza mara tatu na hajawahi kuiona ya pili. Anaijua hata akiwa anafua. Mimi najua kuanzia ya pili hadi ya tisa. Tunalala nyumba moja, Ndugu Mkurugenzi, tumetenganishwa na shuka, na kitabu kizima kimo humo ndani. Lakini Mwalimu Wilondja amenikataza kumwuliza. Anasema mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Uvira hadi mpakani hawezi kunifundisha. Naye Christelle anasema hatajifunza sura ya pili kwa mtu asiye na cheti.

Sasa usidhani nalitaka darasa lako kwa upofu. Christelle amenieleza kila kitu. Najua kompyuta moja ni ya watu wanne: mmoja anashika kipanya, wa pili anabonyeza herufi, wa tatu anasoma kwa sauti, wa nne anaipepea mashine kwa kadibodi isije ikazimika. Najua nitaanzia kupepea. Najua pia kwamba kwa kasi ya walimu wako nitaisoma sura ya kwanza hadi nitakapooa. Ndiyo hiyo ninayoitaka. Nipe sura ya kwanza, mengine nitajua mwenyewe.

Nitasema na jambo moja ambalo si la kisheria. Nimechoka. Nilianza kujisomea nikijiona shujaa, nikiwacheka wanaokaa kwenye benchi kusubiri kuambiwa. Lakini mwaka mzima sijawahi kuambiwa "hapana, siyo hivyo" na mtu mwingine. Nikikosea, anayenisahihisha ni yuleyule aliyekosea. Nikipata, sina wa kumtazama. Mama yangu alianza kunisikia nikibishana, akasimama mlangoni akasema: "Ule mwalimu yako njo nani? Akuye hapa nimuulize, juu ya nini mutoto yangu anasemaka yeye peke?" Natamani kukaa nyuma darasani, nimsikie mtu mwingine akikohoa, na mwalimu aniite kwa jina ambalo si lake.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, Bwana Losike aamriwe kunipokea Jumatatu bila barua, au akubali barua yangu iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto, ambayo nimeiambatanisha.

Pili, Mwalimu Wilondja aitwe mbele ya kamati huko Lodwar ajieleze. Atahitaji kibali cha kutoka kambini, nami kama mlalamikaji nitahitaji pia. Tuko tayari kutumia kibali kimoja na kukaa kiti kimoja. Nakuonya tu kwamba akiulizwa swali gumu atanitazama mimi.

Tatu, apigwe marufuku kufundisha. Sisemi mwezi au mwaka, nasema maisha. Asifundishe kompyuta, asifundishe hesabu, asifundishe hata kuku njia ya kurudi bandani. Jina lake libandikwe kwenye mlango wa kila kituo cha masomo Turkana nzima, kuanzia hapa Kakuma hadi Kapedo, ili mtoto wa mtu mwingine asipatwe na yaliyonipata. Kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo, mpeni, nami nitaivumilia pamoja naye.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na askari wa getini, ambaye nasikia ndiye anayepokea barua na huwa anazisoma. Shikamoo yake. Mama Élisabeth anakusalimu na kukutakia mvua. Deng anakusalimu na kuuliza kama una simu ya kuchaji kabla hajafunga.

Wako mtiifu, anayesubiri kupepea mashine,

Hilaire Wilondja
(mwanafunzi tu)

N.B. Leo ni Ijumaa na barua hii bado ninayo, kwa kuwa gari la kwenda Lodwar halijapatikana. Naona ni vyema nikujulishe yaliyotokea katikati.

Jana Bwana Losike alikuja kibandani kwa miguu, jasho likimtoka, akiuliza Mwalimu Wilondja yuko wapi. Nilidhani ameleta hukumu. Kumbe mwalimu mpya wa darasa, aliyeripoti Jumatatu, Jumatano alikuwa ameshafika Lokichar. Hakufundisha hata hiyo sura ya kwanza. Bwana Losike alifungua fomu zote akitafuta jina lolote lenye "Mwl." mbele yake, na katika Kakuma nzima akapata moja. Nilimkumbusha kwamba Mwalimu Wilondja ndiye mimi, na kwamba yeye mwenyewe alisema nimeghushi. Akasema: "Hiyo ilikuwa ya mwanafunzi. Ya mwalimu hatuangaliangi mwandiko."

Nimekubali. Kwa hiyo naomba malalamiko namba 1 hadi 7 yafutwe yote. Nimeyasoma upya nikiwa na akili ya kazi, nikaona yameandikwa na mwanafunzi mvivu mwenye chuki binafsi. Lile ombi la marufuku ya maisha lipuuzwe haraka kabla halijafika kwenye kamati. Na Bwana Losike aendelee kuwa mkali mlangoni, asimpokee mtu yeyote asiye na barua kutoka kwa mwalimu wake wa zamani, maana bila hivyo hakutakuwa na utaratibu.

Nafasi yangu ya mwanafunzi naiacha wazi. Iliniuma kuiacha. Nilikaa kwa Deng hadi wateja wakaisha, nikiitazama ile kompyuta.

Limebaki jambo moja dogo. Jumatatu tunaanza na sura ya kwanza. Nimemeza majivuno yangu, nikamwendea Christelle akiwa anafua, nikamwomba anifundishe kesho na keshokutwa, kabla sijaenda kumfundisha yeye. Aliacha kufua, akacheka hadi Mama akatoka nje, kisha akafuta mikono na kusema sawa, atanifundisha, ila kwanza nilete barua kutoka kwa mwalimu wangu wa zamani.