Ufito Wenye Alama Kumi

Jumapili, 17 Agosti 2025

Saa nne asubuhi nilifungua kikao cha familia sebuleni, hapa Makote. Kama inavyompasa mtu aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kwa miaka kumi na tisa, nilianza kwa kuwatambua waliohudhuria kwa kadiri ya hadhi zao. Mama mkwe wangu mheshimiwa, Bibi Stamili. Mke wangu, Mama Ziada. Binti yetu Ziada, bi harusi wa Jumamosi. Paka. Mwisho shemeji Fakihi, mdogo wake mke wangu, jirani yetu na fundi bomba mstaafu. Huyu hakualikwa. Alikuja kurudisha patasi, akakaa.

Ajenda moja: maji. Bomba la mgawo huku juu hutoa maji siku linapojisikia. Tegemeo la harusi ni tangi letu la chini ya ardhi, lililojazwa na mvua za masika kutoka juu ya bati. Pampu huyapandisha maji hayo hadi kwenye tangi la plastiki mnarani, nayo hushukia jikoni na bafuni kwa mabomba niliyoyalaza mwenyewe chini ya sakafu, miaka mitatu iliyopita, yasionekane na mtu. Ufito wa kupimia tangi una alama kumi. Jumapili iliyopita, alama nane. Leo, sita. Watu wanne na paka hawamalizi alama mbili kwa juma.

Fakihi akasema maji yaliyopotea yamepita mdomoni au kwenye ufa, na akaomba aisikilize sakafu. Nilimshukuru kwa niaba ya kikao. Sakafu haizungumzi. Ni wizi. Mpapai wa Fakihi, uliopo hatua tatu nyuma ya ukuta wa sebule yangu, unazaa mwezi wa Agosti wakati mikorosho yenyewe inaomba huruma. Sikumtaja mtu.

Mama Ziada akatoa tamko lake: ufito ukisoma chini ya alama tatu siku ya Ijumaa, wageni wa Masasi, upande wa bwana harusi, watapokelewa kwa Fakihi, na bi harusi atatolewa huko huko. Ziada aliutazama mlango wetu wa mbele.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimetia kufuli kwenye mfuniko wa tangi. Ufunguo mmoja, shingoni mwangu. Jioni ufito ulisoma tano na nusu.

Mwizi basi ana ufunguo. Mwenye ufunguo ni mimi. Nilijihoji. Majibu yangu yaliridhisha.

Jambo dogo: rangi ya ukuta imebambuka kwenye kona ya sebule. Fundi rangi yule wa Chiungutwa alinidanganya kuhusu ubora wa kopo. Nimeisogeza kabati ya vyeti vyangu mbele ya kona hiyo. Paka, aliyekuwa halali pengine ila hapo kwa sababu sakafu ina ubaridi, amehuzunika.

Jumanne, 19 Agosti

Mpango wa kisayansi. Nimepanda mnarani na pakiti sita za bluu ya kufulia, nikazimimina zote kwenye tangi la plastiki. Mwizi wa maji atajitangaza mwenyewe kwa rangi. Sikuwaarifu wana kaya. Siri ya watu wawili si siri, na mimi peke yangu natosha.

Jumatano, 20 Agosti

Watu wenye rangi ya bluu hadi saa sita mchana: Bibi Stamili, nywele zote. Mama Ziada, mikono hadi viwikoni. Kanzu yangu ya harusi, ambayo Ziada alidamka kunifulia kwa mapenzi. Wali, ambao kuku waliukataa.

Fakihi alifika kumwamkia mama yake, mweupe wa nguo kama pamba. Akasema shikamoo mama. Bibi Stamili akaitikia marahaba kutoka ndani ya kilemba. Fakihi akanitazama, akaitazama kanzu kambani.

“Shemeji, hii sare mmeichagua lini? Mbona sisi wa upande wa mama hatukuambiwa?”

Nilichunguza kucha zake. Hakuna kitu. Ni mwizi mwangalifu.

Alhamisi, 21 Agosti

Ufito: nne kasoro. Nyuma ya kabati, ukutani, limepanda doa la bluu lenye ukubwa wa sinia.

Nimelitafakari kwa kina. Hitimisho ni moja tu: Fakihi anayarudisha maji aliyoyaiba ndani ya nyumba yangu ili kunichafulia jina. Nimeandika barua ya malalamiko yenye hoja tatu na viambatisho. Mama Ziada aliisoma yote, kwa heshima, kisha akawashia jiko la mkaa. Akasema alipoolewa aliambiwa anaolewa na mtu, hakuambiwa ni mkutano mkuu.

Jioni Ziada alikuja kukaa karibu nami. Akaniambia hivi: “Baba, mimi nataka kutokea mlango huu. Kwa mjomba ni kwa mjomba. Nikitokea kule, watu wa Masasi watasema baba yangu hana nyumba.”

Nikamwambia suala hilo linashughulikiwa.

“Basi mwite mjomba alishughulikie.”

Nilikwenda hadi kwenye ua wa Fakihi, nikakohoa. Akauliza ni kifua? Nikasema ni bomba.

Ijumaa, 22 Agosti

Fakihi amekuja na nondo fupi, chaki na birika la chai. Akafunga mabomba yote ya jikoni na bafuni. Akapanda mnarani, akatia alama ya chaki usawa wa maji, akashuka, akanywa chai. Baada ya saa moja maji yalikuwa chini ya chaki kwa vidole vinne, na hakuna aliyefungua hata tone. Kisha akafunga koki ya chini ya mnara, akatia alama nyingine, akanywa chai tena. Safari hii maji hayakusogea. Akasema basi, tangi ni zima, ugonjwa uko baada ya koki. Nilimwambia hilo nilikuwa nalihisi.

Akafungua koki. Akasimamisha nondo sakafuni, akaweka sikio juu yake, akasogea hatua, akasikiliza, akasogea. Paka akamfuata. Wote wawili walisimama mbele ya kabati ya vyeti.

Kabati ilihamishwa. Vikavunjwa vigae viwili. Chini yake kulikuwa na dimbwi la bluu, na katikati ya dimbwi kiungo cha bomba kilichofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Baiskeli ilikuwa yangu.

Fakihi akauliza ni nani aliyefanya kazi ile. Nikajibu kwamba ilitekelezwa na ofisi yangu.

Maji yalikuwa yamejichimbia njia chini ya ukuta, moja kwa moja hadi kwenye mizizi ya mpapai. Fakihi akavua kofia. “Shemeji, miaka mitatu nilidhani ni dua za mama.” Bibi Stamili akasema hajawahi kuuombea mpapai.

Kiungo kipya kikawekwa, cha dukani. Mama Ziada akaenda mwenyewe tangini na ufito. Aliutumbukiza mara mbili. Ziada alikuwa amesimama kizingitini, mikono kifuani.

Tatu. Maji yaligusa alama yenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti

Ziada ametokea mlango wa mbele. Shimo la sebuleni lilifunikwa kwa mkeka, naye aliliruka bila kulitazama, kama mtu aliyelizoea. Mzee mmoja wa Masasi aliiona kanzu yangu, akauliza kama bluu ni mila ya baba wa bi harusi huku Newala. Nikasema ni ya zamani sana.

Fakihi aligawa mapapai. Yalisifiwa. Nilipopewa kipaza sauti nilieleza asili ya utamu wake kwa dakika sita, hadi kikapata hitilafu. Fakihi alikuwa karibu na waya.

Jumapili, 24 Agosti

Kikao cha tathmini. Bibi Stamili. Mama Ziada. Shemeji Fakihi, safari hii kabla ya paka, kwa kutambua mchango wake. Kiti cha Ziada kilikuwa wazi. Nilikitambua nacho.

Fakihi alipendekeza mabomba yote yapitishwe nje, juu ya ukuta, ili yakivuja yaonekane. Nilimshukuru. Hoja ilipokelewa na kuwekwa kando, kwani bomba linaloonekana linaalika wizi.

Uamuzi niliowatangazia ni huu. Mabomba yatalazwa upya chini ya sakafu, kina kizidi cha awali kwa mikono miwili, saruji iwe nzito mara mbili, na mchoro usichorwe, usije ukaangukia mikononi mwa watu. Viungo vitasimamiwa na ofisi yangu. Wajumbe wote wanatakiwa kufika kesho saa moja kamili asubuhi, kila mmoja na sururu yake. Mpira wa tairi usinunuliwe. Nimekagua baiskeli, limebaki gurudumu la nyuma.