Kibao Juu ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Nimelazwa. Alhamisi napasuliwa goti. Hatimaye! Nimechoka kushikwa mkono na binti yangu mpaka mlangoni mwa choo. Mtaalamu wa lishe kanipima mkono kwa utepe, akasema nimekonda mno, na mzee asiyekula vizuri kidonda chake huchelewa kupona. Eti ninywe maziwa ya unga, kutwa mara tatu. Yana ladha ya chokaa! Nimemzawadia Fundi Saa, jirani yangu wa kitanda, anayesubiri goti lake Ijumaa. Kanishukuru hadi nikaona aibu. Kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Sista kanipongeza kwa kumaliza maziwa. Nimepokea kwa unyenyekevu. Fundi Saa kanawiri mashavu. Jioni kapita daktari wa usingizi: kesho nisile chochote, maana nikitapika nikiwa nimelazwa usingizi, chakula kitaingia mapafuni. Maji matupu ruksa hadi alfajiri. Kisha wakatundika kibao juu ya kitanda: ASILE. Mimi, mtu mzima na wajukuu zangu!

Alhamisi, 7 Machi

Harufu ya mayai ya kukaanga. Fundi Saa yuko bafuni. Nikajikongoja, nikahamishia kibao kwake. Mama wa jikoni haulizi majina, anatazama vibao tu. Kanipa mayai, mkate, chai ya maziwa. Raha! Fundi Saa akarudi, akalalamika, akaonyeshwa kibao na kuambiwa avumilie.

Ikaja machela. Daktari wa usingizi akaniuliza kama nimekula. Nikaapa sijala. Akatazama ndevu zangu: kiini cha yai. Kaahirisha palepale, akauliza nani mwingine anasubiri goti na hajala. Wodi nzima ikamwonyesha Fundi Saa! Kaondoka amelala kwenye machela yangu, akinipungia mkono.

Binti yangu hakunigombeza. Alikaa tu akalia. Hilo liliniuma kuliko goti.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi Saa anatembea! Kwa fimbo, taratibu, na lazima apite mbele yangu. Mtaalamu wa lishe anamtolea mfano. Yale ni maziwa yangu!

Zamu yangu kesho. Nimemwapia binti yangu kwamba chakula sigusi, ni maji matupu tu. Kafurahi, kanibusu kwenye paji la uso. Nimemwomba aniletee chupa moja alfajiri. Yawe ya moto. Na kabla ya kuyachuja, yachemke kidogo na kuku.