Tarehe ya Mtambo

Hebu niambie, mwenzangu: ukitaka kujua leo ni tarehe ngapi, unamuuliza nani? Pengine unatazama simu, au gazeti la jirani. Sisi wa Ofisi ya Vyeti tulishayavuka hayo. Tarehe yetu ilitoka kwa waraka.

Mambo yalianzia kwenye ukumbi mdogo, ule wenye viti vya kukunja, tukiwa watumishi wote kumi na mmoja. Mkurugenzi alisimama, akakohoa, akatusomea Waraka Namba Nne kuhusu Uendelevu wa Mitambo Mikongwe. Alisema hatuwezi kununua vitu vipya wakati vya zamani bado vinapumua. Tukapiga makofi. Akasema kuanzia siku ile hakuna mtambo utakaoitwa mbovu, utaitwa mzoefu. Tukapiga tena, na mimi nikapiga kuliko wote, maana palepale niliteuliwa Mlezi wa Mitambo, juu ya kazi yangu ya chai na ufagio.

Niliustahili ulezi huo. Kompyuta tulikuwa nazo sita na printa moja. Namba mbili haikubali kuwaka mpaka uizabe kofi ubavuni, upande wa kushoto, bila hasira. Namba tano inapata homa, kwa hiyo tuliivua ubavu tukaielekezea feni, na karani wake anafanya kazi kavaa sweta. Namba tatu herufi moja iling'oka, pale tukabandika kifuniko cha kalamu. Lakini mgonjwa wangu hasa alikuwa printa. Ukiilisha karatasi yenye ubaridi inavuta tatu kwa pamoja na kuzitafuna. Basi kila asubuhi naanika karatasi dirishani kama dakika ishirini, nazipepea, nazigonga mezani pande zote nne, ndipo naweka. Mguu wake mmoja ulivunjika, Mkurugenzi akaagiza chini yake iwekwe kalenda ya ukutani, ikunjwe mara nne. Kalenda yenyewe haikuwa na kazi tena.

Haikuwa na kazi kwa sababu ya betri. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ndiyo inayokumbuka tarehe. Zetu zilikufa zote. Kila asubuhi tukiwasha, mitambo inaamka Januari mosi, miaka kumi na saba iliyopita.

Tulikuwa na fundi, dada mmoja asiyejua kunyamaza. "Bosi, ni betri tu," alisema. "Kwa fundi saa hapo ng'ambo ya barabara zimejaa tele."

"Leo betri, kesho kipanya, keshokutwa utataka kompyuta nzima!"

"Basi tuwe tunairekebisha tarehe kwa mkono kila asubuhi."

"Kugusa tarehe ni kughushi," alisema Mkurugenzi. Ukatoka Waraka Namba Tano: tarehe rasmi ni ile inayosemwa na mtambo, na tarehe nyingine yoyote ni uchochezi.

Makarani wakaleta ujanja. Wakadai Januari mosi ni sikukuu, waachwe walale nyumbani. Ukatoka Waraka Namba Sita: sikukuu hiyo imeshasherehekewa.

Kazi ilikwenda vizuri sana. Siku moja alikuja mama mmoja dirishani kutafuta cheti cha mtoto wake wa miaka sita.

"Mama, mtoto huyu hajazaliwa," karani alimwambia kwa upole.

"Hajazaliwa? Na huyu anayenivuta gauni ni nani?"

"Mimi simjui. Mtambo unasema bado miaka kumi na mmoja."

"Kwa hiyo nimrudishe tumboni?"

"Hiyo si idara yetu, mama."

Baada yake alisimama mwanamume aliyefuata cheti cha kifo cha baba yake. Akaambiwa baba yake yu hai, ampelekee salamu. Yule nilimpa chai. Hakuinywa.

Kwa jumla tatizo lilikuwa moja, dogo tu, nalo lilikuwa langu. Nilikuwa nimetimiza miaka sitini na mmoja, na kwetu mtu anastaafu akifika sitini. Binti yangu alikuwa amejifungua mapacha, na kila mchana ananipigia simu: "Mama, unakuja lini? Nikimlaza mmoja, mwenzake anaamka. Juzi nimelala nimesimama." Lakini kwa mujibu wa mtambo nilikuwa na arobaini na minne.

"Hongera, Bibi," fundi alinitania. "Umerudi usichanani!"

"Mwanangu, magoti hayajasoma waraka."

Mara nne nilikwenda kugonga mlango wa Mkurugenzi. Mara nne akanyanyua macho akauliza, "Una shida gani, Bibi?" Nitamwambiaje mtu aliyenipa cheo kwamba nakitupa? Najibu, "Hakuna, bosi, nimefuata vikombe," naondoka na vikombe, hata kama bado vina chai.

Sifa zetu zikafika makao makuu. Akaja Mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, na habari njema mkobani: Mkurugenzi apandishwe awe Kamishna wa Uendelevu. Kilichobaki ni yeye kuchapa barua ya kukubali na kuitia saini mbele ya mgeni.

Siku ile karatasi nilizianika nusu saa nzima. Printa ikalia kama punda, ikatoa barua moja, safi, ya moto. Mkaguzi akaishika kwa ncha za vidole.

"Tarehe gani hii?"

"Ndiyo tarehe rasmi," Mkurugenzi alisema, kifua mbele, akamkabidhi Waraka Namba Tano. Mkaguzi aliusoma mara mbili, mara ya pili kidole kikifuata mistari.

"Wewe uliteuliwa kuwa Mkurugenzi lini?"

"Miaka mitano iliyopita."

"Hiyo ni tarehe ya uchochezi. Kwa tarehe rasmi bado miaka kumi na miwili." Akamgeukia karani. "Lete faili. Januari mosi ya mwaka huu wa mtambo, huyu alikuwa nani hapa?"

Karani alifunua kurasa polepole. "Msaidizi wa stoo, mheshimiwa. Ana miezi miwili kazini."

"Na Mkurugenzi alikuwa nani?"

"Marehemu—" Mkaguzi akamkazia macho. "Samahani. Yu hai, ila hapatikani."

"Asipopatikana, kanuni inataka kiti akikalie mtumishi wa siku nyingi kuliko wote. Ni nani?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika ufagio.

"Kalenda!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Kalenda ya ukutani ipo!" Akapiga magoti, na suti yake, akaichomoa chini ya printa. Printa ikainama, ikamtemea wino shati zima. Akaikunjua kalenda. Ilikuwa imelowa wino siku nyingi, nyeusi tii kuanzia Januari mpaka Desemba.

Mkaguzi aliandika maelezo yake, akafunga mkoba, akasema atarudi mwezi wa pili kuona tunaendeleaje. Kwetu mwezi wa pili haufiki.

Kiti cha Mkurugenzi kinazunguka, na kina mahali pa kuegemeza shingo. Nilikaa siku tatu. Yule bwana alipewa koti la kijivu na ufunguo wa stoo, akawa anapanga ndoo kwa ukubwa. Watu dirishani waliendelea kuambiwa hawajazaliwa. Binti yangu aliendelea kupiga simu, safari hii wote wawili wanalia nyuma yake, na mimi bado nina arobaini na minne.

Siku ya nne mlango ukagongwa, kidogo sana. Alikuwa mtu wa stoo.

"Una shida gani, mwanangu?"

"Hakuna, Bibi. Nimefuata vikombe."

Kikombe kilikuwa kimoja, nacho nilikuwa nakinywea. Akabaki amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kusimama kule nakujua.

"Hujafuata vikombe. Sema."

Akatazama viatu. Kisha akafungua kiganja. Zilikuwamo betri sita, zinang'aa, bado zina joto la mfukoni. "Nimezinunua mwenyewe hapo ng'ambo," alisema. "Naomba ruhusa ziwekwe."

"Zikiwekwa, unarudi kwenye kiti hiki."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi narudi kwenye miaka yangu sitini na mmoja."

"Ndiyo." Akanitazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Kwani wewe, Bibi, una shida gani?"

Nikaweka kikombe chini.

"Nataka kwenda nyumbani," nikasema. "Karatasi utakuwa unaanika wewe."